MAPEPE YA MTU MZIMA: TULIVYOKWENDA KUPIMWA

(Mada hii ilitolewa na mume na mke katika semina ya wawezeshaji wa vikundi na viongozi wa kamati, iliyofanyika Mtwara mjini. Kwa ombi lao majina hayakutajwa.)



Tulipoombwa kuja kuzungumza tulisita sana, kwa sababu wengi mliomo ukumbini humu mnamfahamu mmoja wetu kwa jambo moja tu, nalo ni ule mfuko wa fedha za Mahurunga. Basi tuanze na hilo hilo, ili asiwepo wa kunong'ona huko nyuma.

Baba watoto alikabidhiwa na kikundi shilingi 1,340,000 azipeleke benki mjini. Aliziweka katika mfuko wa kitambaa, akapanda pikipiki. Njiani akasimama kwenye kibanda kunywa chai. Pale kibandani wakaja vijana wakilalamika kwamba pampu ya kisima chao imekufa. Ninyi mnamjua, akisikia pampu hasikii kitu kingine tena. Akaondoka nao, akaifungua, akaifunga, maji yakatoka, watu wakapiga makofi. Akarudi nyumbani amefurahi sana. Mfuko ulikuwa umebaki kibandani umening'inia nyuma ya kiti. Hakuukumbuka hadi siku ya pili jioni, mwenyekiti wa kikundi alipopiga simu kuuliza stakabadhi ya benki.

Yule mama muuza chai, Mungu ambariki, alikuwa ameuficha chini ya pipa la unga. Haikupungua hata shilingi mia. Lakini siku mbili zilitosha. Maneno yalikwisha fika Kilambo na Msimbati kwamba bwana maendeleo amekula fedha za wajane. Ofisi ikaandika barua ya onyo, na kwa haki kabisa, maana fedha za watu si mchezo. Na nyumbani mama watoto akasema neno ambalo alikuwa hajawahi kulisema kwa miaka kumi na sita ya ndoa: "Mimi nimechoka kuwa mama yako."

Tunawaambia haya ili mwelewe kwamba hatukwenda kupimwa kwa ajili ya udadisi. Tulikuwa tunakaribia kupoteza kazi na nyumba kwa pamoja.

Mfuko ule haukuwa wa kwanza. Simu tatu kwa mwaka mmoja. Taarifa za robo mwaka ambazo ziliandikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho, huku taa imewaka na sisi sote hatulali. Shamba la mikorosho lililopuliziwa dawa ya salfa nusu, nusu nyingine ikasahauliwa mpaka ubwiri unga ukaingia. Mtoto aliyepelekwa kliniki na baba, baba akarudi peke yake. (Hili mama watoto alitaka lisisemwe, lakini tumekubaliana lisemwe.) Ndugu zake walimwita mapepe tangu utoto. Sisi tulizoea neno hilo, tukaliona ni tabia tu, kama vile mtu kuwa mrefu.

Mlango ulifunguliwa na mtoto. Mama watoto ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika mafunzo ya elimu maalumu alisikia habari za watoto ambao hawatulii, wanaruka kutoka kazi moja hadi nyingine, wanapoteza kalamu kila siku, wanajibu kabla swali halijaisha. Mawazo yake yakaenda kwa kijana wetu wa darasa la nne. Mkufunzi akaendelea kusema kwamba hali hii hurithiwa sana katika familia, na kwamba watoto wengi wenye nayo huendelea nayo wakiwa wakubwa. Hapo mama watoto aliacha kumfikiria mtoto.

Wenyewe madaktari huiita hali hiyo kwa herufi za Kiingereza, ADHD. Sisi tutaiita upungufu wa umakini na utukutu, ingawa jina hilo lina kasoro. Si kwamba umakini haupo. Aliyetengeneza pampu kwa saa tatu bila kunywa maji alikuwa na umakini kuliko sisi sote. Kinachokosekana ni usukani wa kuuelekeza umakini pale unapotakiwa, kwa wakati unaotakiwa, hasa kwenye kazi isiyosisimua.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa mtindo, umekuja na simu za kisasa. Si kweli. Daktari wa watoto Mwingereza, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wa namna hii mwaka 1902, kabla ya redio haijafika majumbani. Hata hivyo kwa muda mrefu iliaminika kwamba mtoto akikua hali hii huisha. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa 2013 ulibadilisha masharti ili mtu mzima naye aonekane: dalili tano zinatosha kwake badala ya sita zinazotakiwa kwa mtoto, na ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, badala ya 7 kama ilivyokuwa zamani. Shirika la Afya Duniani nalo liliiweka hali hii kwa jina hilo katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Makadirio ya watafiti ni kwamba kati ya watu wazima 100, wawili au watatu wanayo. Ukumbi huu una watu kama sitini. Hesabu fanyeni wenyewe, lakini msigeuke kumtazama jirani.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe.

Kwanza tulikwenda kuombewa. Hatujutii, na tunaendelea kuomba. Mjomba mmoja alitushauri twende kwa fundi, kwamba kuna mtu wa ukoo amefunga akili ya kijana. Huko hatukwenda, ingawa hatumlaumu mjomba, maana alitaka kusaidia. Halafu tukaenda hospitali moja, ambayo hatuitaji, na daktari aliyetupokea alicheka. Akasema huo ni ugonjwa wa watoto wa Kizungu, mzee wa miaka 43 anatafuta nini, akaandika dawa za vitamini. Tulitoka pale tumeinama. Baba watoto alisema hatakwenda tena mahali popote, na miezi mitano ikapita.

Aliyetuokoa alikuwa muuguzi wa afya ya akili. Ndugu zetu, hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na watu wengi hawavitumii kwa sababu moja: aibu. Sisi wenyewe tulipita mlango wa kitengo mara mbili tukijifanya tunatafuta maabara, kwa sababu kwenye benchi alikaa mtu tunayesali naye. Baadaye tulijiuliza, naye alikuwa anafikiria nini juu yetu? Muuguzi yule hakucheka. Alitusikiliza kwa muda mrefu, akatuambia yeye hana mamlaka ya kutoa jina la ugonjwa huo kwa mtu mzima, bali anaweza kuanza kuondoa mambo mengine yanayofanana nao.

Hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa kuwa ndiyo kazi kubwa ya kupimwa. Hakuna kipimo cha damu cha ADHD. Hakuna picha ya ubongo inayoionyesha. Akija mtu kwenu na mashine ya kupima "nguvu za ubongo" kwa shilingi elfu ishirini, mfukuzeni. Damu hupimwa ili kutafuta sababu nyingine: upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, sukari. Tuliulizwa habari za usingizi, na kama anakoroma. Tuliulizwa habari za pombe. Tuliulizwa kuhusu sonona, kwa sababu mtu mwenye huzuni ya muda mrefu naye husahau na kushindwa kumaliza kazi. Tuliulizwa kuhusu kifafa. Tuliulizwa kama utotoni aliwahi kupata malaria iliyopanda kichwani, na swali hilo lina sababu. Utafiti uliofanyika Kampala, Uganda, na kuchapishwa 2008, ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya kupona malaria ya ubongo, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa akili ya kufanyia kazi, hasa upande wa umakini. Kwa ukanda wetu huu wa malaria, swali hilo haliwezi kurukwa. Mama yake alisema hakuwahi kupata degedege.

Na lipo swali jingine ambalo hatukulitegemea. Daktari wa Dar es Salaam alipoona anuani yetu aliuliza hali hii ilianza lini: kabla au baada ya Oktoba 2020? Ninyi mnajua kilichotokea Kitaya mwezi ule. Wapo watu katika vijiji vya kando ya Ruvuma ambao tangu shambulio lile hawalali, wanashtuka kwa mlio wa pikipiki, wanasahau hata chumvi kwenye mboga. Hao ni wagonjwa wa hofu, wala si ADHD, na matibabu yao ni mengine. Tunawaomba wawezeshaji wa huko msichanganye mambo haya mawili. Kipimo rahisi ni hiki: ADHD haianzi ukubwani. Kama mtu alikuwa mtulivu na makini hadi umri wa miaka thelathini halafu akabadilika, tafuteni sababu nyingine, na tafuteni haraka.

Kwa hiyo tulihitaji ushahidi wa utoto. Mtu wa Ulaya angeleta mafaili ya shule. Sisi tulikwenda Msimbati kwa bibi. Alifungua bati la biskuti lenye vyeti vya ubatizo, picha na kadi za kliniki, na ndani yake tukakuta ripoti moja tu ya shule, ya darasa la tano, wino umefifia. Mwalimu ameandika: "Ana akili lakini hatulii." Maneno manne. Daktari aliyasoma mara mbili. Bibi akamtuma pia mzee mmoja aliyekuwa mlezi wa baba watoto jandoni. Mambo ya jandoni hayasemwi hadharani, naye hakuyasema, ila alituambia kwamba katika vijana wote wa mwaka ule, huyu ndiye aliyeulizwa mara nyingi zaidi "umekwenda wapi tena?"

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Tulikwenda mara mbili, na gharama za nauli na kulala zilimeza fedha za magunia mawili ya korosho. Tulipewa rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, na mazungumzo ya siku ya kwanza yalichukua karibu saa mbili. Alianza na maswali sita yaliyotayarishwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ambayo ni sehemu ya kwanza ya maswali 18. Yanauliza habari za kumaliza vipengele vya mwisho vya kazi, kupanga mambo, kukumbuka miadi, kukwepa kazi inayohitaji kufikiri, kuchezesha mikono na miguu ukikaa muda mrefu, na kujisikia kama unasukumwa na mota.

Hapo ndipo tulipoona kwamba maswali nayo yana kwao. Kwenye ule mfululizo wa 18 lipo swali la shida ya kungoja zamu. Nani kati yetu hapa Mtwara anangoja zamu? Yeyote aliyesimama kwenye foleni ya malipo ya korosho angeandikiwa dawa siku hiyo hiyo. Na miadi tunayosahau ni ipi, kama mkutano wa saa tatu huanza saa tano? Daktari alilijua hilo. Akaliacha karatasi, akauliza kwa njia yetu: "Ukitumwa dukani vitu vitatu, unarudi na vingapi?" Mama watoto akajibu: "Anarudi na kimoja, na si kati ya vile vitatu." Daktari akaandika. Akauliza, kwenye msiba anaweza kukaa mkekani muda gani? Ibadani je? Akisimuliwa habari ya dakika kumi, anaikatiza mara ngapi? Akamtaka mama watoto ajibu peke yake, kisha baba watoto ajibu peke yake, kisha wote pamoja. Mtu mwenye hali hii mara nyingi hajioni, na mwenzi wake mara nyingi anaona kupita kiasi. Ukweli wake aliutafuta katikati.

Siku ya pili alitupa jibu. Dalili saba kati ya tisa upande wa umakini, nne upande wa utukutu. Zilianza utotoni, zinaonekana nyumbani na kazini, zinaharibu maisha, na hazielezwi na ugonjwa mwingine. Kwa lugha nyepesi: ndiyo, anayo.

Tutawaambia kilichotokea baadaye nje ya geti. Baba watoto alilia. Mama watoto alikasirika, na hasira ile ilimshangaza mwenyewe. Miaka kumi na sita alikuwa amemwita mvivu na mtu asiyejali, na sasa hakuwa na mahali pa kuiweka ile hasira. Ilichukua wiki kadhaa. Katika semina nyingi mtu akisha kupimwa kila kitu huwa shwari. Kwetu haikuwa hivyo.

Kuhusu dawa tutasema kwa kifupi. Iliyo maarufu zaidi inaitwa methilifenidati. Huwasaidia wengi, lakini ni dawa inayodhibitiwa kimataifa, haiuzwi ovyo, inahitaji kupima mapigo ya moyo na shinikizo la damu na kuonana na daktari mara kwa mara. Mwaka 2019 na tena 2021 iliombwa iingizwe katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mara zote mbili wataalamu walikataa, wakitaka ushahidi zaidi. Sisi, kwa umbali wetu na kwa shinikizo la damu alilonalo baba watoto, tumekubaliana na daktari kuanza bila dawa, na kulitazama jambo hilo upya. Mwingine anaweza kuamua tofauti, wala asinunue vidonge vya mtu mwingine.

Tulichobadilisha ni maisha ya kila siku. Daftari ni moja tu, limefungwa kwa kamba kwenye begi, na begi halivuliwi mgongoni hadi afike. Simu inalia mara tano kwa siku. Taarifa ya kijiji inaandikwa kijijini, kabla ya kuwasha pikipiki, hata kama ni kwa mwandiko mbaya. Kazi ya kukaa hufanyika asubuhi, ya kutembea mchana. Na mama watoto amejiuzulu upolisi: anakumbusha mara moja, basi. Mambo mengine yameharibika kwa sababu hiyo, na tumeyaacha yaharibike.

Daktari alitusimulia jambo moja lililompa moyo mwenzetu. Watafiti walikwenda kaskazini mwa Kenya kwa Waariaal, watu wa mifugo, wakachunguza chembe moja ya urithi ambayo tafiti kadhaa zimeihusisha na hali hii. Matokeo yalichapishwa 2008. Kati ya wanaume waliobaki wahamaji, wenye chembe hiyo walikuwa na afya ya mwili nzuri kidogo kuliko wenzao. Kati ya waliohamia makazi ya kudumu, ilikuwa kinyume. Chembe moja si ugonjwa, na utafiti mmoja si msahafu. Lakini baba watoto alimkumbuka marehemu baba yake, aliyevua Ghuba ya Mnazi maisha yake yote. Nchi kavu alisahau hata mahali alipoacha kanzu yake. Baharini hakusahau mwamba hata mmoja.

Tulirudi Mahurunga. Hilo lilikuwa gumu kuliko Dar es Salaam. Tulikaa mbele ya kikundi chini ya mkorosho tukaeleza yote. Mzee mmoja akauliza: "Huo ugonjwa, husahau na siku ya mshahara?" Watu wakacheka, nasi tukacheka, na lilikuwa swali zuri, tukalijibu: hapana, jambo lenye msisimko hukumbukwa, na ndiyo maana watu huamini kwamba mtu huyu anasahau kwa makusudi. Mwenyekiti, mama mtu mzima, akasema yeye hakuwahi kuamini kwamba fedha zimeibwa; kilichomuumiza ni kudhani kwamba zimedharauliwa. Kisha wakapiga kura. Waliamua baba watoto aendelee kuwa mwezeshaji wao, lakini asibebe tena fedha ya kikundi hata shilingi moja. Itumwe kwa simu na wawili wao wakishuhudia. Tuliona ni uamuzi wa haki. Ofisi iliuchukua utaratibu huo kwa vikundi vyote, na tunadhani hata wasio na mapepe utawafaa.

Kwa ninyi wenye watumishi chini yenu tunaomba jambo moja. Msimpe mtu jina hili kwa kumtazama. Wapo wavivu kweli, wapo wagonjwa, wapo wasiolala kwa sababu ya mtoto mchanga. Mwambieni mtu anachokosea, kwa maandishi, moja moja, na mkiona kwamba anataka kufanya na hawezi, mwelekezeni kitengo cha afya ya akili pamoja na mtu anayemfahamu tangu utoto, na ripoti yoyote ya shule aliyonayo.

Kijana wetu bado hajapimwa. Tunakusanya nauli.

Yale maswali sita tumeyaandika kwa Kiswahili chetu, nakala ziko mezani karibu na mlango. Si cheti, ni pa kuanzia tu. Anayependa kuzungumza nasi faragha, tutakuwa chini ya mwembe nyuma ya ukumbi hadi saa kumi. Baba watoto amekwisha weka kengele kwenye simu.